Mwaka Kestrel Ilipoingia Ligini

Kestrel, Nebraska
Machi 9, 1983

Kaka Emmett,

Tumeingia! Weka kikombe chini usije ukajimwagia kahawa, halafu usome tena: tumeingia. Jana wakuu wa vyuo saba vya Ligi ya Nyanda ya mpira wa Kimarekani walipiga kura, na sasa Kestrel ndiyo timu ya nane. Miaka yote hii tumezurura kama yatima, tukicheza na yeyote atakayetukubali, tukikaa kwenye basi siku nzima kwenda Dakota kupigwa na watu tusiowajua hata majina. Sasa tuna ligi yetu na ratiba yetu. Tuna pia nafasi yetu kwenye msimamo gazetini, hata ikiwa ya mkiani. Mkuu wetu wa chuo, mtu mkavu kama biskuti, alinikumbatia mbele ya katibu wake.

Na unajua nilichofikiria kwanza? Mama. Jumamosi moja kila mwaka, wanawe wote wawili kwenye uwanja mmoja. Hatalazimika tena kuchagua aende kumtazama nani, kisha wiki nzima amwandikie mwingine akijitetea. Nimemwandikia yeye kabla yako, usinune.

Vijana hapa wananicheka eti kocha bado anaandika barua kama babu. Nawaambia, ukikulia nyumba ya viziwi ambako hakuna simu, kalamu ndiyo simu yako.

Jiandae, kaka. Novemba tunakuja Marlow kuwanyoa wewe na vijana wako bila maji.

Mdogo wako,
Gordon


Marlow, Nebraska
Machi 15, 1983

Mdogo wangu,

Wembe wenyewe mnao? Mwaka jana mlifungwa na chuo cha wachungaji chenye wachezaji ishirini na moja, na nusu yao walikuwa wanakuombeeni huku wanawaangusha. Hebu punguza domo.

Lakini hongera, Gordie. Hongera sana. Nilipopata habari nilimnyanyua Joyce jikoni mpaka akapiga yowe. Mke wangu anauliza siku hiyo avae rangi gani, nikamwambia akivaa rangi ya Kestrel arudi kwao.

Sasa kuna jambo linanikaa rohoni. Ishara zetu. Makocha wengine wakitaka kuwapa vijana mpango kutoka pembeni mwa uwanja wanajikuna masikio na kupigapiga kofia. Mimi na wewe tunatumia maneno ya mikono ya jikoni kwa Mama, yale Baba na Mama walijitungia wenyewe, ambayo hata viziwi wenzao hawayajui isipokuwa Opal, shoga yake Mama. "Kuku", mpira ukimbizwe katikati. "Mkate", urushwe kushoto. Vijana wangu wanayajua hayo kuliko sala, na vijana wako vilevile, maana kila kitu nilikufundisha mimi, na ulichobuni wewe nilikiiba. Ilikuwa raha tupu tulipokuwa ligi mbalimbali. Sasa ukiinua mikono nitakusoma kama ninavyosoma gazeti. Siwezi kutokuelewa, Gordie, kama vile wewe huwezi kuitwa jina lako usigeuke.

Na zile barua zetu za Jumatatu, za nini kimefanya kazi na nini kimeharibika, hizo zimekwisha. Unalijua hilo? Siwezi kukufundisha kumzuia mtu ambaye wiki inayofuata nacheza naye mimi. Tulitaka ligi moja, tumeipata. Sikuwaza kwamba Jumatatu zangu zingekuwa kimya hivi.

Kaka yako,
Emmett


Kestrel
Agosti 11, 1983

Kaka,

Nimejaribu kubadilisha ishara, imekuwa vurugu. Juzi mazoezini nilitoa mpango mmoja, nusu ya timu ikaenda kulia, nusu kushoto, mrushaji wangu akabaki katikati ameshika mpira kama mtu aliyeachiwa mtoto sokoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siwezi. Mikono yangu inajua lugha moja tu.

Basi nina wazo. Siku hiyo tupeane mgongo. Tukiwa na mpira sisi, wewe geukia majukwaa mpaka mpira uanze kucheza. Mkiwa nao ninyi, nami nitageuka. Wasaidizi wetu watatazama, na wao hawajui kuku wala mkate. Wewe ni mtu wa neno lako, na mimi najitahidi. Au unaonaje? Nipe neno lako ndugu yangu, nilale.

Gordon


Marlow
Agosti 17, 1983

Gordie,

Mgongo wangu ni mpana, Joyce ananisema kila siku kwa sababu ya kolache za Mama, yale maandazi yake ya matunda. Wote ni wako. Nimekupa neno langu.

Mama atakaa na Opal nyuma ya benchi langu, safu ya tatu, pale upepo haupigi sana. Kutoka hapo atakuona wewe ng'ambo ya uwanja vizuri kabisa.

Emmett


Kestrel
Oktoba 30, 1983

Mama mpendwa,

Asante kwa soksi na kwa kolache. Zile za plamu vijana walinimalizia, ndiyo maana wanakimbia kama mabata.

Mama, nakuambia wewe tu. Tumecheza mechi sita za ligi na tumefungwa zote sita. Mkuu wa chuo aliniita Ijumaa. Hakunikumbatia. Alisema vyuo vingine vinauliza ni kwa nini tuliingizwa, na kwamba hawezi kumweka kocha asiyeshinda hata mechi moja ya ligi. Imebaki moja, ya Marlow. Nikishinda nabaki, nikishindwa natafuta kazi nyingine.

Usimwambie Emmett, tafadhali. Akijua anaweza kunihurumia, na ushindi wa kuhurumiwa siutaki. Au asinihurumie, na hilo litaniuma zaidi.

Lakini nina matumaini. Mrushaji wangu ameanza kutulia, na tuna mpango mmoja hatujawahi kuutumia karibu na mstari. Utaujua ukiuona. Baba angeupenda.

Mwanao,
Gordon


Kestrel
Novemba 14, 1983

Emmett,

Naandika siku mbili baada ya mechi kwa sababu ningeandika usiku uleule ningeandika matusi.

Kumi na saba kwa kumi na nne, mnaongoza ninyi. Tuko yadi nane kutoka mstari wenu, mpira ni wetu, muda wa kucheza mara moja tu. Mchezo mzima nilikuwa nakuangalia, mgongo wako uko kwangu, kila mara, kila mara, na kila nikiuona nilisema moyoni: huyo ni kaka yangu. Nikainua mikono. Nikatoa mkate. Nikamgeukia mrushaji wangu kuona kama ameelewa, na hapo hapo, kabla mpira haujaguswa, nikasikia sauti yako. Ningeijua hata kaburini. "Kushoto! Wanarusha kushoto!"

Kijana wako alikuwa amesimama palepale. Aliudaka kama aliyetumiwa kifurushi.

Hakuna sheria uliyovunja. Refa hana cha kukufanya, na ninyi ni mabingwa, hongereni. Lakini ulinipa neno lako. Mara moja tu uligeuka, na ukachagua ile mara. Ulipokuja kunipa mkono nilitazama chini kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka wewe uwe mtu wa kuniona.

Gordon


Marlow
Novemba 18, 1983

Gordie,

Sikukutazama. Naapa kwa Baba aliye kaburini. Sikugeuka hata mara moja mpaka mpira ulipoanza kucheza.

Najua unachotaka kuuliza baada ya hapo, na nakuomba usiulize. Sitakujibu. Nifikirie unavyotaka, lakini hilo moja ulijue: sikugeuka.

Ni kombe la bati tu, mdogo wangu. Kuna mwaka mwingine. Mwakani mtakuja tena, au sisi tutakuja kwenu, na mtatunyoa kama ulivyoahidi.

Emmett


Kestrel
Desemba 5, 1983

Emmett,

Hakuna mwaka mwingine. Wamepata kocha mpya. Ndiyo, ilikuwa kwa ajili ya ile mechi, Mama alijua tangu Oktoba. Sasa na wewe unajua.

Hukugeuka, lakini ulijua. Nani alikuambia, malaika?

Nimepata kazi Wyoming, kufundisha hesabu shule ya sekondari. Hawana nafasi ya kocha na mimi sijaiomba. Krismasi nitakuwa kwa Mama tarehe ishirini na nne. Wewe nenda ishirini na sita, tusikutane.

Gordon


Dorrance, Nebraska
Januari 8, 1984

Emmett mwanangu,

Gordon alikuja na akaondoka. Wewe ulikuja na ukaondoka. Kila mmoja alinibusu, kila mmoja akaosha vyombo, na hakuna aliyemtaja mwenziwe. Nilidhani ni mpira tu, mtapoa. Kisha Gordon akanionyesha kwa mikono yake yule Emmett aliyepiga kelele, na anavyoamini ulimwibia.

Tangu hapo silali vizuri. Nakumbuka dakika ile. Wewe ulikuwa umegeukia majukwaa. Opal, ambaye macho yake hayafiki ng'ambo ya uwanja, aliniuliza, "Anawaambia nini?" Nikamjibu. Nilimjibu kwa mikono mikubwa, nimesimama, kwa sababu nilikuwa na furaha na hofu pamoja. Mwanangu alikuwa anaokoa kazi yake kwa neno la jikoni kwangu. Nilisema mkate, mkate, kushoto, na nikacheka. Ulikuwa unanitazama usoni, Emmett. Niliona macho yako.

Ni mimi?

Mama


Marlow
Januari 12, 1984

Mama mpendwa,

Ondoa hilo kichwani, tafadhali. Ule upepo ulikuwa unaniliza macho, sikuona mikono ya mtu yeyote. Nilibahatisha tu. Kocha akikaa kazini muda mrefu kama mimi ananusa mambo. Ilikuwa bahati, basi.

Lala, Mama. Kula. Joyce anakuletea nyama ya nguruwe na kabichi chachu Jumapili.

Mwanao,
Emmett


Wyoming
Machi 4, 1984

Emmett,

Mama ameniandikia kurasa nne. Anasema ni yeye. Anasema wewe ulikataa, na kwamba tangu utotoni ukimdanganya unataja upepo.

Kwa hiyo ulimficha. Ulikubali nikuite mwizi na ukakaa kimya ili nisimlaumu. Nilisoma nikaona aibu, nikatoka nje kwenye theluji bila koti. Samahani kwa ile ya malaika. Samahani kwa Krismasi.

Ningependa barua iishie hapo, ingekuwa barua nzuri. Lakini nimekaa nayo wiki nzima na bado nina swali. Kuona hukukusudia. Mama aliinua mikono mbele ya macho yako, ungefanyaje? Sawa. Ila kelele je? Hiyo nani alikulazimisha? Ungeweza kufumba mdomo, Emmett. Ungeniachia nishinde au nishindwe na vijana wako, si na Mama yangu.

Sina hasira tena, nafikiri. Nimechoka tu. Jumamosi hapa watu wanakwenda kutazama mpira, mimi nasahihisha daftari.

Gordon


Marlow
Septemba 10, 1984

Gordie,

Barua yako imekaa mfukoni kwangu tangu Machi. Nimeijibu mara nyingi nikachana. Nilikuwa naandika kwamba kelele ilinitoka kabla sijajua. Si kweli. Nilijua. Niliona mikono ya Mama, nikaelewa, nikakumbuka vijana wangu nimewapanga kulia, na nilipata nafasi ya kunyamaza. Ilikuwa fupi lakini ilikuwepo. Katika nafasi ile nilikuwa kocha wa Marlow. Ukaka wangu ulirudi mpira ukiwa umeshadakwa. Ningejua kuhusu kazi yako ningefumba mdomo, najiambia hivyo kila siku, na kuna siku siamini.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Ni Mama. Jumamosi tulifungua msimu. Joto, watu wamevaa fulana, wanajipepea kwa magazeti. Mama amekuja na glavu. Zile nene za sufu anazovaa akikoleza moto wakati wa baridi. Kazivaa mikono yote miwili, kaiweka mapajani, kakaa hivyo mechi nzima. Opal alikuwa anamsemesha, anamgusa bega, anamsemesha tena. Mama anatikisa kichwa tu. Mwisho Opal alihamia safu nyingine, analia.

Nilimfuata kwenye gari, nikamwambia, "Mama, hizo glavu vua, utaugua." Akatoa kipande cha karatasi, akaandika: "Hivi ni salama." Nyumbani kwangu ni hivyohivyo. Mezani anaandika. Mama yetu, Gordie, aliyekuwa anatugombeza kwa mikono kutoka ng'ambo ya barabara mpaka mbwa wa jirani wanakimbia, ananiandikia kwenye karatasi kwamba anaomba chumvi.

Nimemwambia kosa ni langu. Nimepiga magoti. Anapigapiga kichwa changu kama mtoto na hazivui. Mimi siwezi kumsaidia, anaona namdanganya tena kwa huruma. Wewe ndiye uliyepoteza kazi. Njoo umwambie wewe. Oktoba tarehe ishirini tunacheza hapa, atakuwepo. Kaa naye. Kama hutaki kuniona sitasogea, hata kuwatazama sitawatazama. Ila njoo.

Kaka yako,
Emmett


Dorrance
Oktoba 22, 1984

Wanangu Emmett na Gordon,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema mwenziwe ameambiwa zaidi.

Gordon alikuja. Alikaa mahali pa Opal, akashika mikono yangu, akazivua zile glavu mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Akaniambia, "Mama, sikuchukii, sijawahi." Tukazungumza. Tulizungumza kuhusu theluji ya Wyoming, na wanafunzi wake wasiojua kugawanya, na mwalimu mmoja wa kike ambaye Gordon anajifanya hamjali. Vidole vyangu vilikuwa vigumu kama vya mgeni, lakini nilifurahi. Nilicheka mara mbili.

Kisha, robo ya tatu, Emmett aliinua mikono kuwapa vijana mpango. Niliusoma. Mikono yangu ikaanza kupanda yenyewe kumwambia Gordon, nikaikamata. Nikazivaa tena glavu. Gordon aliona, hakunizuia. Na wewe Emmett, mchezo mzima hukutugeukia hata mara moja. Tulitazama koti lako.

Nimesoma barua zenu zote, kila mmoja alizoniletea. Mmoja anasema, uligeuka. Mwingine anasema, sikugeuka. Mmoja anasema ungefumba mdomo, mwingine anasema ningejua ningefumba. Mnaulizana nani alitazama na nani alipiga kelele, na mimi nilijiuliza hayohayo mpaka nikaificha mikono yangu. Juzi nikiangalia lile koti ndipo nilipojua kinachoniuma, na hakuna kati yenu aliyeniomba radhi kwa hicho.

Mlikulia nyumbani kwangu. Nyumba ya viziwi, mtu akikupa mgongo amekuziba mdomo. Amekuambia hupo. Baba yenu alikuwa mpole, mnajua, alifanya kazi kiwanda cha chapa, akija nyumbani na wino mpaka masikioni na hakuwa na nguvu ya kugombana na paka. Mara moja tu aliwachapa. Mlikuwa mmekasirikiana, mkageuza viti mezani kila mmoja akatazama ukuta wake. Gordon alikuwa hata hajafikisha miaka sita, na alilia kwa sababu alielewa.

Na ninyi haohao, watu wazima, mkaandikiana barua mkakubaliana kupeana mgongo. Mkapeana na neno. Mkaona ni uungwana. Nilipowaona siku ile, kwanza mmoja kageuka kisha mwingine, sikujua kwa nini, nilidhani mmegombana, na hata hivyo nikasimama kushangilia. Laiti mngeniuliza. Ningewaambia, tazamaneni wanangu. Someni kila kitu. Emmett angekusoma, Gordon, na wewe ungemsoma yeye, mngechanganyikana, mmoja angeshinda na mwingine angelia, halafu mngekuja kula. Labda kazi ingepotea vilevile. Kazi zinapotea. Lakini hamngekuwa mnakuja kwangu mmoja mmoja kama wapangaji.

Sitakwenda tena uwanjani, kwa Emmett wala kwa mtu yeyote. Nimemwandikia Opal kumwomba samahani, hajajibu bado.

Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao njooni wote wawili siku moja, au asije yeyote. Sijui kama mtaweza. Mkija, kaeni mnatazamana, mseme yote mliyoandika, kwa mikono, mbele yangu, hata yale mabaya. Mimi sitawaambia neno mpaka nione hilo.

Mama yenu,
Viola